Kabichi ya Mvivu

Kijijini Tallnäs, kando ya mto Ångerman, watu walikuwa na msemo wao: siku Mungu alipogawa maneno, nyumba ya Majken na Evert ilipata fungu lake kama nyumba nyingine yoyote, ila Majken aliwahi kufika akachukua yote, Evert akabakiwa na kikohozi. Evert mwenyewe hakuwahi kulipinga hilo. Alikohoa tu.

Alikuwa dereva wa malori ya magogo maisha yake yote, mtu mrefu wa mabega mapana, aliyezoea kukaa peke yake na barabara. Mkewe alikuwa mpishi mkuu wa shule ya kijiji mpaka alipostaafu. Ulimi wa Majken ulikuwa na makali, lakini haukumkata asiyestahili. Mtoto aliyekuja bila kofia kwenye baridi kali alisemwa mpaka akalia, kisha akafungwa shingoni skafu ya Majken mwenyewe na kuingizwa jikoni kupewa mkate wa moto. Mwalimu mkuu aliwahi kurudisha sahani yenye viazi vizima, akaulizwa mbele ya wanafunzi kama kwao viazi huota juu ya meza. Watu walimwogopa na kumpenda kwa moyo uleule.

Basi asubuhi moja ya Oktoba Majken alikuwa anamimina kahawa huku akimsema mtangazaji wa redio, aliyekuwa ametabiri jua na nje mvua inanyesha. Sauti ikakatika katikati ya neno. Evert alisubiri neno liishe. Halikuisha. Alipoinua macho kwenye gazeti aliona kahawa inatiririka mezani, na upande mmoja wa uso wa mkewe umelegea kama pazia lililochomoka kwenye ndoano.

Kilikuwa kiharusi. Alikaa hospitali ya mjini majuma kadhaa, akarudi nyumbani na theluji ya kwanza. Alitembea kwa fimbo. Mkono wa kulia ulining'inia tu, hauna kazi. Na katika bahari yote ile ya maneno alikuwa amebakiwa na moja: Alhamisi.

Hakuna aliyejua kwa nini Alhamisi. Evert alifikiri labda ni kwa sababu shuleni Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya supu ya njegere na chapati za maji, siku ambayo Majken aliamka mapema kuliko zote. Ylva, binti wa hospitali aliyeshughulikia usemi wa wagonjwa, alisema mambo hayo hutokea.

"Maneno hayajafa, Evert," alimwambia. "Yamo ndani yote. Mlango ndio umekwama, na hili moja kwa bahati lilikuwa limeshatoka nje."

"Na mlango utafunguka?"

"Huenda ukafunguka kidogo. Mwongeleshe tu. Usinyamaze kwa sababu yeye amenyamaza."

Kumwambia Evert asinyamaze ni kama kumwambia samaki apande mti. Lakini alijitahidi. Asubuhi alimuuliza mkewe kama anataka kahawa, akajibiwa Alhamisi. Alimuuliza kama amelala vizuri, akajibiwa Alhamisi. Akaanza kusikiliza sauti badala ya neno. Alhamisi fupi, iliyokatwa, maana yake ndiyo. Alhamisi ndefu, iliyovutwa mwishoni, maana yake hapana, na toka hapa. Kwa mambo madogo hiyo iliwatosha.

Kwa mambo makubwa haikutosha. Majken alikuwa ameacha kula. Manispaa ilikuwa ikiwaletea chakula kwenye visanduku, na kila kisanduku alikitazama, akakichokonoa kwa uma wa mkono wa kushoto, akakisukuma. Evert mwenyewe alijua kupika soseji, mayai ya kuchemsha na makaroni, basi. Alivipika kwa zamu. Majken alikula vijiko viwili vitatu kwa ajili ya kumwonea huruma, kisha akageukia dirishani. Kufika Advent, majuma ya mwisho kabla ya Krismasi, sketi zake zilikuwa zinamzunguka kiunoni, na Evert alikuwa ametoboa tundu jipya kwenye mkanda wa mkewe kwa msumari.

Ijumaa moja binti yao Pernilla akapiga simu kutoka Sundsvall.

"Baba, sikiliza, usinikatize."

"Lini nimewahi kukukatiza?"

"Haya. Kuna nafasi imepatikana kwenye makao ya wazee hapa karibu na mimi. Nimekwenda kuiona. Chumba kizuri, dirisha linatazama bahari, wana wapishi, wana watu wa mazoezi. Lakini lazima tuwajibu Jumatatu, la sivyo anapewa mwingine. Nakuja Jumapili tuzungumze."

Evert alikohoa. "Nitaongea na mama yako kwanza."

"Utaongea naye vipi, Baba?" Pernilla aliuliza, na hakuuliza kwa ubaya. Ndiyo maana ilimuuma zaidi.

Usiku ule Evert hakupata usingizi mzuri, na kulipopambazuka alikuwa amekata shauri. Atapika vifurushi vya kabichi.

Vilikuwa chakula cha Majken, na nyumba ile vuli haikuwa vuli mpaka vimepikwa. Jani la kabichi lililochemshwa likalainika, ndani yake nyama ya kusaga na wali, linakunjwa vizuri pembe zote kama mtoto anavyofungwa blanketi, kisha vinakaangwa kwa siagi na shira mpaka vinakuwa na rangi ya gome la msonobari. Majken alivifanya haraka hivi kwamba vidole vyake havikuonekana. Evert alikuwa amevila maelfu kwa maelfu. Hakuwahi kutazama vinavyotengenezwa.

Alimpigia simu Holger, mwenzake wa mawindo, mjane aliyeishi nyumba ya pili. Holger alikuja amebeba nyama ya kusaga ya mawindo ya vuli, akavua viatu mlangoni, akasimama jikoni na soksi zake zenye vidole viwili nje.

"Unajua kuvipika?" Evert aliuliza.

"Mimi? Marehemu mke wangu ndiye alikuwa anajua. Mimi nilikuwa nakula. Lakini nakumbuka alikuwa anachemsha kwanza."

"Anachemsha nini?"

"Kabichi, bwana! Ulidhani soksi?"

Walilichovya kabichi zima kwenye sufuria ya maji ya moto. Hawakujua kwamba kigutu cha katikati hukatwa kwanza ili majani yaachie. Walipoanza kuyabandua yalichanika. Jani la kwanza likatoka vipande vitatu. La pili likatoka na tundu ambalo ngumi ingepita.

"Polepole, wewe," Holger alisema. "Hilo ni jani, si gurudumu."

"Shika huku."

"Nimeshika! Linaunguza!"

Vile vichache walivyofaulu kuvikunja, Evert alivifunga kwa uzi wa pamba, kwa mafundo aliyokuwa akifungia magogo. Vikatumbukizwa kwenye kikaango. Kikaango kilikuwa cha moto mno. Mafundo yalikaa imara mno, majani ndiyo hayakukaa. Vifurushi vikapasuka kimoja baada ya kingine, nyama ikamwagika, shira ikaungua, moshi mchungu ukajaa jikoni. Holger alifungua dirisha na baridi yote ya mto ikaingia ndani.

Hapo ndipo waliposikia fimbo. Ko. Ko. Ko. Majken alikuwa amekaa sebuleni tangu asubuhi, na sasa amesimama kwenye mlango wa jikoni mwake. Alitazama kikaango. Alitazama ukuta wenye matone ya shira. Alimtazama Evert, aliyekuwa na kipande cha kabichi begani kama cheo cha jeshi.

"Alhamisi," alisema. Ilikuwa ndefu.

Holger alianza kurudi nyuma. "Mimi naona mbwa wangu ananiita."

"Mbwa wako alikufa mwaka juzi," Evert alisema.

"Basi ndiyo maana sauti yake ni ndogo, nisipowahi sitaisikia tena." Akachukua viatu mkononi akatoka navyo hivyo hivyo kwenye theluji.

Wakabaki wawili. Evert alizima jiko, akafunga dirisha, akaketi. Mikono yake mikubwa ilikuwa imebabuka vidoleni. Alitaka kusema jambo dogo la kuchekesha, kama ambavyo Majken angesema, lakini yaliyotoka yalikuwa mengine.

"Nimeendesha lori la tani sitini kwenye barafu, Majken. Jani limenishinda. Kesho Pernilla anakuja. Kuna mahali huko kwake, makao ya wazee. Chumba kinatazama bahari. Labda ni kuzuri. Labda huko utakula. Mimi sijui unataka nini, mke wangu. Zamani nilikuwa nasubiri tu, utaniambia. Sasa nasubiri na sisikii kitu."

Alikuwa hajawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja tangu siku alipomposa, na hata siku ile aliandaliwa maneno na kaka yake.

Majken alikuja mezani, akaegemeza fimbo, akaketi kwenye kiti chake. Kwa mkono wa kushoto alichagua jani lililo zima kuliko mengine, akalilaza mbele yake. Akachota nyama, akaiweka katikati. Akaanza kulikunja.

Mkono wa kulia ulikuwa umelala mezani kama glavu. Aliinua pembe moja ya jani. Alipoiachia ili ashike ya pili, ya kwanza ikafunguka. Akaanza upya. Likafunguka. Alijaribu kulibana kwa kiwiko, nyama ikatokea upande wa pili. Evert aligeuza uso akatazama friji. Kwenye friji kulikuwa na picha ya Pernilla na wajukuu, akaitazama hiyo.

Kitu chenye majimaji kikapita karibu na sikio lake kikagonga ukuta, paf!

"Shetani!" Majken alisema.

Evert aligeuka. Majken mwenyewe alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, macho yamemtoka. Jani lilikuwa linateremka ukutani taratibu.

"Umesema nini?"

Majken alitoa mkono mdomoni. Alilionja lile neno kama mtu anayeonja mchuzi. "Shetani," alisema tena. Halafu kwa kasi, kwa sauti yake ileile ya zamani ya jiko la shule: "Shetani, shetani, shetani!"

Evert alicheka. Hakukusudia, kilimtoka tu, kicheko kama injini inayowaka asubuhi ya baridi, na Majken akacheka pia, kwa ule upande mmoja wa uso uliokuwa ukimsikia. Walicheka mpaka Evert akashika mbavu. Kila walipotulia, Majken alilitazama lile jani pale ukutani na kusema, "Shetani," wakaanza tena. Baadaye Ylva aliwaeleza kwamba matusi na laana hukaa chumba kingine kichwani, chenye mlango wake. Lakini siku ile hawakujua hilo. Walijua tu kwamba kuna mtu ndani amejibu hodi.

Majken alipokwisha kufuta machozi, alivuta ubao wa kukatia. Akauweka mbele ya Evert. Akaliweka juu yake lile kabichi lililobaki, akachukua kisu, akamkabidhi mumewe mpini.

"Nikate?"

"Alhamisi." Fupi.

"Yote? Vipande vidogo?"

"Alhamisi!"

Evert alishika kisu asikate. "Majken. Hiyo unayosema ni ile kabichi ya mvivu. Ile ya mama yangu."

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Kabichi ya mvivu kila mtu anaijua: nyama ileile, kabichi ileile, shira ileile, ila hakuna anayekunja chochote; unakata, unapanga tabaka kwa tabaka kwenye bakuli, unatia ovenini, unakwenda zako kusoma gazeti. Mama yake Evert hakujua kupika nyingine. Na Majken, katika maisha yake yote, hakuwahi kuiruhusu ipite mlangoni. Manispaa ilipomwandikia aipike shuleni ili kuokoa muda, alikwenda mwenyewe hadi ofisini kuwauliza kama watoto wao wanawavisha nguo au wanazitupia tu kitandani wakalale juu yake. Vifurushi viliendelea kukunjwa, kimoja kimoja, kwa shule nzima.

Sasa alimtazama mumewe machoni. "Shetani," alisema, polepole, kwa upole, kama mtu anayesema, najua, najua, kata tu.

Evert akakata.

Mkono mmoja haulei mwana, lakini mitatu, ikisikilizana, hupika. Evert alikata na kukoroga. Majken aliamuru. Siagi ilipoyeyuka Evert alitia kabichi, na baada ya muda, akiona limelainika, akataka kulitoa. Majken akampiga kofi mkononi. Aliendelea kukoroga. Akataka tena kulitoa, kofi lingine. Kabichi likaanza kuwa na rangi ya dhahabu, kisha ya asali, na Majken akainua chupa ya shira akaimimina mwenyewe, uzi mrefu mweusi, akizungusha. Harufu iliyopanda ilikuwa ya nyumba yao. Evert hakuwa ametambua kwamba harufu hiyo ilikuwa imekosekana mpaka iliporudi.

Nyama walichanganya na wali, kitunguu, yai na maziwa. Majken alimfanya akaange kidonge kidogo waonje. Alionja, akakunja pua, akaelekeza kidole kwenye chumvi. Wakaonja tena. Akatikisa kichwa kwa kukubali. Kisha nusu ya kabichi chini, nyama juu yake, kabichi lililobaki juu kabisa, na Majken akalisawazisha lote kwa kiganja cha kushoto, akipapasa kama anayelaza mtoto. Evert akasukuma bakuli ovenini.

Nje giza lilikuwa limeshaingia, kama kawaida ya kaskazini mchana wa Desemba, jua likizama mapema. Walikunywa kahawa wakisubiri. Evert alikumbuka maneno ya Ylva, akajilazimisha kusema. Alisimulia jinsi soksi za Holger zilivyotoboka, na jinsi alivyokimbia na viatu mkononi. Haikuwa hadithi kubwa, na aliisimulia vibaya, lakini Majken alimtazama mdomo wakati wote.

Walikula na viazi vya kuchemsha, mchuzi mzito na jemu ya lingon, vile vitunda vyekundu vichachu vya msituni. Majken alimaliza sahani. Evert alijifanya haoni. Alipoona sahani inasukumwa kuelekea kwenye bakuli kuongezwa, ilimbidi ainuke aende kutafuta kitu kisichokuwepo kabatini.

Baada ya chakula Majken alielekeza kidole kwenye kabichi la pili, lililokuwa bado zima dirishani, halafu kwenye picha ya wajukuu, akiigonga sura ya Pernilla.

"Kesho tena? Umpikie yeye?"

"Alhamisi."

Pernilla alifika Jumapili adhuhuri, amechoka na barabara yenye utelezi. Alikuwa na umbo la baba na macho ya mama. Alivua viatu, akanusa hewa, akaingia jikoni na koti lake bado mwilini. Mama yake alikuwa ameketi mezani, aproni kiunoni, nywele zimechanwa, akimenya viazi vilivyochemshwa kwa kuvichoma na uma uliokuwa umebanwa kwenye droo. Uvumbuzi huo ulikuwa wa Evert, asubuhi ile.

"Mama?" Pernilla alisema. Akambusu kwenye nywele, akabaki hapo kwa muda, pua imezama kichwani mwa mama yake. Kisha akaliona bakuli likitoka ovenini. "Subiri kwanza. Baba. Hiyo ni nini?"

"Kabichi," Evert alisema.

"Naona ni kabichi. Ni kabichi ya mvivu! Kwenye nyumba hii!" Alianza kucheka. "Bibi angefufuka. Mama, unakumbuka? Bibi alikuwa ananisimulia kila Krismasi. Siku ya kwanza ulipoletwa kwao, msichana wa watu, hata hujavishwa pete, akakupakulia hii, na wewe ukasema mbele ya wakwe wote: samahani, mama, naona kabichi lako limegongwa na…"

Alikatiza kwa sababu alikuwa anacheka.

"Treni," Majken alisema.

Hakuna aliyetikisika. Maji ya viazi yalikuwa yanachuruzika kwenye sinki. Majken alionekana kushangaa kuliko wote. Alitazama huku na huku kama aliyesikia mtu amepiga chafya.

Pernilla aliketi polepole kwenye kiti, koti mwilini. Alikuwa na akili ya haraka, na wakati ule iliamka. "Mama," alisema, taratibu, "Baba akilala, analala kama…"

"Gogo."

"Mezani tunaweka chumvi na…"

"Pilipili."

"Asubuhi lazima tunywe…"

Majken alivuta pumzi. Midomo ilihangaika, shavu zima likajikunja. "Ka… kahawa," alisema. "Kahawa!"

Evert alisimama na bakuli la moto mikononi, glavu za jikoni zikianza kuungua, na hakulitua mpaka Pernilla alipompigia kelele.

Walikula na kucheza mchezo huo mpaka chakula kikapoa. Maneno mengine yalikuja, mengine yakagoma. Alipoulizwa jina la kaka yake, Majken akatoa "Alhamisi", akapiga meza kwa hasira. Alipoulizwa jina la yule paka mwizi wa jirani alilitoa bila kufikiri. Hapakuwa na mpango wala haki katika jambo hilo. Alitokwa jasho kama aliyepasua kuni, na akasinzia kitini kabla kahawa haijawa tayari.

Pernilla na baba yake waliosha vyombo.

"Hakutaka kuondoka, siyo?" Pernilla aliuliza.

"Sijamuuliza sawasawa. Nilimwambia jana. Hakujibu, alianza kupika."

"Hilo ni jibu, Baba." Alisugua bakuli mahali palipokuwa safi tayari. "Unajua mimi naogopa nini? Naogopa utaanguka wewe. Mtakuwa wawili sakafuni, mmoja hawezi kuinuka na mwingine hawezi kuita mtu. Kila simu ikilia nafikiri ndiyo hiyo."

"Na mimi naogopa hilo."

Pernilla alimgeukia. Baba yake hakuwahi kukiri kuogopa kitu, hata barafu. "Hukuniambia."

"Hukuniuliza," Evert alisema, kisha akaona si haki. "Nilipaswa kusema."

Majken alipoamka, Pernilla alipiga magoti mbele yake na kumuuliza waziwazi, bila mchezo: anataka kuhamia Sundsvall, kwenye kile chumba, karibu na yeye? Majken alimshika shavu. Alitafuta neno, alitafuta kweli, wakamwona anatafuta, na hakulipata. Akatikisa kichwa kukataa. Akaelekeza kidole sakafuni, hapo alipokuwa ameketi.

Nafasi ile Jumatatu ikapewa mtu mwingine. Pernilla aliwapigia simu mwenyewe, kisha akakaa garini akalia kidogo kabla ya kwenda kazini; alimwambia baba yake hilo baadaye. Lakini hakuacha mambo yaende hivihivi. Manispaa ilikubali kuleta msaidizi kila asubuhi. Holger alikuja na drili akafunga vyuma vya kushikilia bafuni na kwenye ngazi, vingine mahali ambapo hata mbuzi asingehitaji, na kwa malipo alidai kabichi ya mvivu. Majken alivaa kifaa shingoni cha kubonyeza akianguka. Pernilla akawa anakuja Ijumaa baada ya Ijumaa, akipika na mama yake, na Evert alijifunza kukaa karibu na kuzungumza, jambo lililomchosha kuliko magogo.

Si kila kitu kilirudi. Mkono wa kulia ulijifunza kushikilia karatasi isipeperuke, haukujifunza zaidi. Kulikuwa na siku mbaya, siku ambazo Majken alilala ameugeukia ukuta na hata laana hazikumtoka. Februari alianguka kweli, jikoni, akavunja kifundo cha mkono uleule ambao tayari ulikuwa hauna kazi, na ndiye aliyecheka kwanza. Lakini maneno yaliendelea kuja, mawili leo, moja keshokutwa, kama wageni wanaofika kwenye sherehe kwa kuchelewa. Mengi yalikuwa ya kukamilisha sentensi za wengine. Ya kwake mwenyewe, yaliyoanzia kwake, bado.

Mwishoni mwa Aprili barafu ilivunjika mtoni, kwa ile ngurumo inayotikisa vikombe kabatini. Siku iliyofuata Holger aliwaletea samaki wadogo wa baharini, wa rangi ya fedha, kutoka pwani. Evert aliwapaka unga wa shayiri akawatia kwenye kikaango chenye siagi. Alikuwa amejiamini siku hizo. Alikuwa anasimulia jambo, akiipa meza mgongo, kuhusu daraja na lori na msimamizi mmoja aliyekuwa mjinga kuliko wote, na alikuwa amefika mahali pazuri.

"Punguza moto, Evert," mtu alisema nyuma yake.

Alisimama na mwiko hewani. Hakugeuka upesi. Nyuma yake kiti kililia kidogo, kama kilivyolia siku zote Majken alipojiweka vizuri ili aendelee kusema.

"Wanaungua," alisema.

Na kweli, walikuwa wanaungua. Evert akapunguza moto.